Fremu ya medali za babu: fundi wa Kariakoo anayeuliza beji ilikuwa mkono gani

Kwa mwenye haraka naanza na jibu kabisa. Kama mna medali, beji za jeshi au kofia ya mzee wenu aliyepigana vita ya zamani na vitu vimekaa sandukuni vinaliwa na nondo, mpelekeeni huyu fundi wa fremu na darizi Kariakoo, ghorofani, mitaa ya Msimbazi, kazi yake ni ya uhakika na nimelipa hela yangu mwenyewe, sijapewa ofa na mtu. Kuna mambo ya kumbana nayo kabla hujaacha advansi, nitayasema huko chini. Jina la duka siweki maana mwenyewe kaomba, anasema odha za shule na skauti peke yake zinamzidi, ila ukishuka mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi ukaulizia mafundi wa darizi wanaofanya na fremu utafika tu, watu wa pale wanamjua.

Vitu vyenyewe ni vya babu mzaa mama. Alikuwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku Mashariki, na vita ya pili ya dunia akapelekwa Burma, hiyo Myanmar ya sasa, wazee wetu walikuwa wanasema Bama. Mtu wa Dar ukimtajia Keya mawazo yanakwenda kwenye ile sanamu ya Askari pale Posta, sasa ile imesimamishwa 1927 na ni ya vita ya kwanza, hawa wa vita ya pili kumbukumbu zao ziko kwenye masanduku ya bati majumbani na kila mwaka zinapungua. Babu kaacha medali tatu, kibati cha shaba cha begani kimeandikwa KAR, beji moja ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru, na picha moja kavaa sare ana V mbili mkononi. Basi, hiyo ndiyo vita yake yote ilivyobaki.

Kabla ya huyu fundi nilipita kwa mafundi wengine mjini, siwataji, na nilichokuta kinasikitisha. Mmoja alitaka kuzibandika medali kwa gundi ya moto moja kwa moja kwenye kadibodi. Mwingine akachukua medali akaanza kuisugua na kitambaa, kashatoa na Brasso, ati aing'arishe iwe mpya, nikamnyang'anya pale pale. Jamani medali ya zamani haisuguliwi! Ile rangi ya uzee ni ngozi yake, ukisugua unaondoa na alama ndogo ndogo za mchoro na haziwezi kurudi tena. Na gundi ndiyo balaa kabisa, inakula utepe, inaacha doa la njano, na siku wajukuu wakitaka kufungua fremu wanabaki na vipande.

Sasa kwa huyu mzee wa Kariakoo. Nimemwamkia, kaitikia, kanawa mikono kwanza kisha akatandika kitambaa cheupe mezani ndipo akasema haya mwanangu leta. Alipoiona ile beji ya kifaru hakuuliza saizi ya fremu wala rangi ya mbao, aliuliza, "Huyu alikuwa mkono gani?" Mimi moyo wangu ulitulia hapo hapo, maana hilo ndilo swali lenyewe, na tangu nianze kuzunguka hakuna aliyeniuliza.

Nieleze kidogo maana wengi hatujui. Ile beji ya kifaru ni alama ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943 ikapelekwa Ceylon, hiyo Sri Lanka ya sasa, halafu 1944 ikaingizwa Burma kuwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw wakati wa masika yao, matope mpaka magotini, malaria, magari hayapiti, hadi mwezi wa 12 mwaka huo wakafika Kalewa wakavuka mto Chindwin. Ndani yake walikuwemo watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, makabila kibao, wengi hawajui kusoma. Batalioni ya 26 na ya 36 zilikuwa za Tanganyika, ile 6 ya mwisho imetoka kwa batalioni mama ya 6 iliyokuwa ya kwetu. Sasa watu wote hao ukiwaandikia jina la divisheni kwa Kiingereza utamsaidia nani, ila kifaru kila mmoja anamjua, na kifaru anajulikana kwa jambo moja, akishainamisha kichwa anakwenda mbele hageuki. Ukiona lori lina kifaru ni lenu, ukiona mtu ana kifaru mkononi ni mwenzenu hata kama lugha hamuelewani. Na kuna sababu nyingine ya kijeshi kabisa, alama ya picha haitaji jina la kikosi, adui akiiona haimwambii moja kwa moja nyie ni akina nani, Waingereza walianza mambo haya tangu vita ya kwanza.

Na hapo ndipo mkono unapoingia. Beji za wanyama kwa utaratibu wao zilitengenezwa jozi, ya kulia na ya kushoto, ili mnyama aangalie mbele mikono yote miwili. Ukiishika beji ya mkono wa kushoto mbele ya macho yako mnyama anaangalia kushoto kwako, ya mkono wa kulia anaangalia kulia. Kifaru wa babu anaangalia kushoto kwa hiyo ni wa mkono wa kushoto na mwenzake kapotea. Ukimshona mkono usio wake anakuwa anatazama mgongoni, yaani kikosi kizima umekiweka kinakimbia.

Nikampa mzee na hadithi ya beji ya Waafrika Magharibi, divisheni yao ya 81 nayo ilikuwa Burma, beji yao ni buibui, Anansi yule wa hadithi za Ghana, wao walimvaa kichwa kikiwa chini. Ukimwona mtu kasimama wima unaweza kudhani kakosea kushona, lakini askari akinyanyua mkono kulenga bunduki buibui anageuka anaelekea mbele kwa adui. Mzee kusikia hivyo akaacha kazi, akachukua rula yake ndefu ya chuma akailenga dirishani kama bunduki huku anautazama mkono wake wa kushoto juu pale penye bega, akaushusha, akaunyanyua tena, akasema ee, ni kweli anakwenda. Akamwita kijana wake naye afanye. Kwangu mimi fundi wa hivyo hata akichelewesha kazi namvumilia. Na Wamarekani nao wana yao, bendera kwenye mkono wa kulia wanaiweka kama imegeuzwa, lile eneo la nyota liwe mbele, kwa sababu bendera inayobebwa na mtu anayesonga mbele haiwezi kuonekana inarudi nyuma. Na kwao mkono wa kushoto ni kikosi ulichopo sasa hivi, wa kulia ni kile ulichokwenda nacho vitani, kwa hiyo askari wao hata bila kufungua mdomo mikono miwili inakusimulia alikotoka na alipo.

Turudi kwenye kazi. Beji ya asili hakuigusa na sindano hata moja, na alinikatalia kuifua. Nondo walishatafuna pembeni na mbele rangi imepauka sana, lakini akaigeuza akanionyesha nyuma, kule ambako mwanga haukufika nyuzi bado zina rangi yake ya mwanzo, weusi mzito wa kile kichwa, basi akachukua boksi lake la nyuzi akawa anaweka uzi mmoja mmoja juu ya ile nyuma ya beji karibu na dirisha, taa ya duka akaizima, anasema taa inadanganya. Halafu kijana akapiga picha akaichora kwenye kompyuta kwa ajili ya mashine ya darizi, na wakageuza mchoro wapate wa kulia na wa kushoto. Tulikubaliana hivyo, nakala mbili zikae jozi na ya asili ikae peke yake chini imelala kwenye kifuko chake cha kioo.

Sampo ya kwanza niliirudisha. Pembe za kifaru zilitoka sawa sawa, na kwenye beji ya babu ya mbele ni ndefu ile ya nyuma fupi, ndivyo kifaru mwenyewe alivyo. Hakubisha wala hakuongeza bei, wakarekebisha kwenye kompyuta na ya pili imetoka safi kabisa, mshono umefuata shingo ya mnyama kama ule wa zamani, haukulala upande mmoja kama beji nyingi za mashine unazoziona mtaani. Kitu kingine nilichokipenda sana, nyuma ya kila nakala amedarizi neno NAKALA na mwaka, bila kumwambia. Anasema kesho kutwa mtu asije akaiuza kama ya vita.

Siku ya kupanga kijana aliweka vifaru vyake vinaangalia nje, kimoja kulia kimoja kushoto, mgongo kwa medali. Mzee akamwambia simama hapo mbele yangu, mkono wako wa kulia uko upande gani wangu? Kushoto. Basi beji ya mkono wa kulia inakaa kushoto kwangu ninayetazama, na huyu anaangalia kulia, maana yake vifaru vyote vinatazama katikati kwenye medali. Kijana akageuza na sidhani kama atasahau tena.

Medali nazo zina adabu yake. Zinavaliwa kifua cha kushoto na ya juu zaidi kwa daraja ndiyo inakaa karibu na katikati ya kifua, kwa hiyo wewe unayeangalia unaanza kushoto: Nyota ya 1939–45, kisha Nyota ya Burma, kisha ile Medali ya Vita ya mviringo. Nyumbani tulizikuta mama mdogo kazipanga kwa ukubwa. Tepe nazo ni maandishi. Ya Nyota ya 1939–45 ina rangi tatu sawa, buluu iliyokolea ni wanamaji, nyekundu jeshi la nchi kavu, buluu hafifu jeshi la anga, na ile buluu iliyokolea lazima iwe upande wa katikati ya kifua, sasa ya kwetu kuna mtu aliwahi kuibadilisha akaifunga kinyume, fundi ndiye aliyeniuliza kama nina picha ya kulinganisha, tukalinganisha, akaigeuza kwa uangalifu na kibano. Ya Burma ni buluu nzito, katikati nyekundu pana ya majeshi ya Mwingereza na makoloni yake, na mistari ya rangi ya chungwa ambayo ni jua. Medali ya Vita nyuma yake kuna simba kamkanyaga joka la vichwa viwili, kichwa kimoja ni adui wa Ulaya na kingine adui wa Mashariki. Mama mdogo alitaka huyo simba ndiye aonekane, utaratibu unasema mbele ni sura ya mfalme, ikabidi mzee atupigie picha ya upande wa simba akaichapa ndogo akaiweka chini ya medali, kila mtu akaridhika.

Halafu jambo ambalo kila familia yenye vitu hivi ilichukulie kwa uzito. Nyota hizi za vita ya pili Mwingereza alizitoa bila kuandika jina la askari. Za babu yako na za babu yangu zikichanganyika mezani basi tena. Fundi ametengeneza mfuko wa karatasi nyuma ya fremu, tumeweka jina lake kamili, namba yake ya jeshi, kopi ya karatasi zake na kopi ya picha. Fanyeni hivyo hata kama fremu hamtengenezi.

Nije kwenye alichokataa, maana nampa maksi nyingi hapa. Nilimwomba adarizi na zile V mbili za koplo kama kwenye picha, akasema hapana. V mbili koplo, V tatu sajenti, hata leo jeshini kwetu ndivyo, na yeye cheo kinachoweza kushonwa kwenye nguo kikafanana na cha askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, au polisi hadarizi kwa bei yoyote. Nikamwambia ni ya fremu tu mzee, akasema wote wanasema hivyo. Na ana haki. Kwa sheria zetu raia kuvaa sare za jeshi bila ruhusa ni kosa, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Pamoja na tangazo lile bado vijana wanapanda zile ngazi na kofia zao wanataka mabaka na nembo kwa ajili ya fasheni, nimeshuhudia akimrudisha mmoja, kwa upole, anamwambia mwanangu hiki kitu mwenzio kakipata kwa jasho kambini. Mjomba wangu mstaafu wa JWTZ naye tulitaka awemo, na inaleta maana kwa sababu ile batalioni ya 6 ya Keya ndiyo iliyogeuka Tanganyika Rifles 1961, ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na JWTZ likaanza upya Septemba 1 mwaka huo huo. Hata kambi ya Lugalo hapa Dar zamani ilikuwa inaitwa Colito, jina la sehemu ya Ethiopia ambako hao hao batalioni ya 6 walipigana 1941. Fundi akashauri picha ya mjomba akiwa na sare, beji yake mwenyewe abaki nayo kabatini. Tumefanya hivyo na babu naye V zake zinaonekana kwenye picha, ncha chini kama walivyovaa Waingereza.

Watu wa pwani tumependa hizi alama muda mrefu sana, ngoma ya Beni, ile ya kuiga bendi za jeshi, ilikuwa na vikundi vya Marini na Arinoti, wana majenerali wao, vyeo vyao, sare za kushona wenyewe, na mzee anasema babu yake alikuwa Arinoti hapa hapa mjini. Lakini Beni kila mtu alijua ni ngoma. Leo ukutani kwake kuna sampo za kampuni za ulinzi, tai, ngao, bunduki mbili zimepishana, karibu zote zinafanana, naona wangeweza kujitafutia alama zinazosema kitu kuhusu wao wenyewe, na nimemwambia hivyo, akasema wateja wanaleta picha kutoka kwenye simu wanataka ile ile.

Sasa kasoro. Ya kwanza, muda, alichoahidi na alichotoa ni vitu viwili tofauti, mashine ya darizi ikikosa umeme au odha ya shule ikiingia wewe wa fremu moja unasogezwa nyuma, na asipopigiwa simu yeye hapigi. Ukiwa na shughuli ya familia mwambie tarehe ya mapema kuliko unayoitaka. Ya pili, kioo cha kawaida kinarudisha mwanga sana, ukikaa upande wa dirisha unajiona wewe badala ya medali, kipo kioo kinachopunguza mng'ao ila haambii mpaka uulize, na ni elfu 40 juu. Kwa hali ya hewa ya Dar ningesema lipia, na fremu usiitundike ukuta unaopigwa na jua maana tepe ndizo zinazopauka kwanza. Unyevu nao, muombe aweke vile vipakiti vya kunyonya maji ndani na aache nafasi kati ya kitambaa na kioo, kwangu kaweka nafasi nzuri, vipakiti nilikumbusha mimi. Ya tatu, ndoano za nyuma ni nyepesi kwa fremu nzito hivi, nimebadilisha nyumbani.

Bei. Fremu ya boksi yenye kina, mbao ya mninga, elfu 95. Jozi ya beji pamoja na kuchora dizaini elfu 30, hiyo sampo iliyorudishwa haikuhesabiwa. Si rahisi, kuna watu watakufanyia fremu ya ukubwa ule kwa elfu 35, lakini hapa medali zimeshonwa kwa uzi kupitia tepe, hakuna gundi hata tone, na beji ya asili unaweza kuitoa kesho ukiitaka bila kuiharibu. Analipwa nusu kwanza, lipa namba ipo, risiti anaandika kwa mkono na anaorodhesha kila kitu ulichomwachia, idadi na hali yake, usiondoke bila hiyo karatasi. Na kama roho haikuruhusu kuacha medali dukani usiku, muulize, kwangu alipima akanirudishia, nikazileta tena siku ya kushona tu nikakaa pale pale mpaka amemaliza.

Nenda asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi pale ngazi hazipitiki na hatakuwa na nafasi ya kukaa na wewe. Beba picha yoyote ya mzee wenu akiwa na sare hata kama imechakaa, ndiyo atakayoiomba kwanza kabla ya kupima chochote.